Anatembea kwa Kifua

Siku msuli wa kifua cha Ekuru ulipokatika, nilikuwa juu ya paa la darasa pale Kakuma mjini, nikimfokea fundi aliyepigilia mabati bila kuyalaza vizuri. Nina diploma ya ujenzi na sina subira na paa linalovuja. Simu ikalia. Alikuwa Manyang, kocha wa mwanangu.

"Mama Ekuru, kuja gym. Kijana amepiga kelele."

"Kelele za nini?"

"Za kuumia. Kuja."

Nilishuka ngazi. Ekuru ni kifungua mimba wangu, ana miaka ishirini na miwili, na si mtu wa kelele. Polio ilimpata akiwa mdogo, ikaiacha miguu yake myembamba na bila nguvu. Hutembea kwa magongo mawili. Safari ya mbali huenda kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Kuanzia kiunoni kwenda juu ni mtu mwingine kabisa: mabega mapana kama mlango, kifua ambacho shati hukataa kufunga vifungo. Kuinuka kitandani, kuingia chooni, kupanda baiskeli, yote huyafanya kwa mikono na kifua hicho.

Gym ya Manyang iko ndani ya kambi, ng'ambo ya laga, ule mto wetu ambao karibu mwaka mzima huwa mchanga mtupu. Ni ua wa mabati, benchi lililochomelewa kutoka kwa vyuma vya kitanda, na mabomba ya maji yaliyowekewa uzito kila ncha, saruji iliyomwagwa ndani ya madebe ya mafuta ya kupikia. Manyang alikuwa mpiga mieleka mkubwa kwao Bor, Sudan Kusini. Vita vikamleta hapa, na hapa anafundisha yeyote anayekuja, mkimbizi au Mturkana. Yeye ndiye aliyemlaza Ekuru kwenye lile benchi mara ya kwanza na kumwambia asukume chuma juu. Kumbe ni mchezo kamili wa watu wenye ulemavu wa miguu, una mashindano na una timu ya taifa. Mchujo wa timu hiyo ulikuwa unakaribia, Nairobi.

Nilimkuta amekaa chini, mgongo kwenye mabati, mkono wa kushoto ameukumbatia kwa wa kulia.

"Nilikuwa nakishusha," akasema. "Kilipofika kifuani nikaanza kusukuma. Kitu kikapasuka ndani."

"Mimi nilikuwa nyuma ya benchi," Manyang akasema. "Nikasikia. Kama kamba ya hema ikikatika."

"Chuma kilikuangukia?"

"Manyang alikidaka. Mathe, usinikague kama ukuta. Nipeleke hospitali."

Kituo cha afya tulichoenda sitakitaja. Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye haraka, na foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu kweli. Alimpiga eksirei. Alimwambia ainue mkono; Ekuru akauinua, meno ameyauma. Alimwambia akunje kiwiko, akakunja.

"Mfupa mzima, bega halijatoka," akasema. "Msuli umevutika tu. Meza dawa za maumivu, pumzika wiki tatu."

"Apumzike vipi?" nikauliza. "Anatembea kwa hiyo mikono."

"Atumie kiti cha magurudumu."

"Kiti kinasukumwa na nini?"

Akaniangalia, akaangalia magongo, akaona. "Basi asukumwe na mtu."

"Mimi sisukumwi," Ekuru akasema.

Hapo hakuwa anamtania daktari. Akiwa darasa la nne, wavulana wawili walimbeba kama gunia kutoka shuleni, wakamtua katikati ya laga, wakakimbia kucheza mpira. Alijikokota kwa viwiko mpaka barabarani. Tangu siku hiyo hakuna aliyembeba, hata mimi, hata baba yake. Ukijaribu, anakuangalia kwa namna ambayo mikono yako inarudi yenyewe.

Kufikia Jumapili kifua chake kilikuwa rangi ya bilinganya, na ile rangi ilikuwa imeshuka ndani ya mkono mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa anajivuta kwa makalio na mkono mmoja sakafuni. Nilimpigia baba yake, Aukot, ambaye yuko na mifugo upande wa Kaaleng na hupatikana kwenye simu akipanda kilima tu. Akasema, "Mpe muda." Nikamwambia muda si dawa. Akasema mtandao unapotea, na mtandao ukapotea.

Jumatatu nikaenda kazini alfajiri. Niliporudi saa nane nikakuta mama mkwe wangu ameketi mlangoni kwenye kigoda, anasafisha wembe kwa majani. Ndani, Ekuru amelala chali. Kifua chake kilikuwa na mistari ya chale kutoka bega hadi chuchu, imepakwa jivu.

"Ata," nikamwita, maana ndivyo tunavyomwita bibi. "Nani amemchanja?"

"Mimi. Damu imelala. Damu ikilala inaoza. Nimeifungulia mlango."

"Ulimuuliza?"

"Alikuwa amekunywa dawa za hospitali, amelegea. Hiyo ndiyo dawa yao, ya kulegeza. Mumeo nilimchanja goti, na mpaka leo anapanda milima."

"Anapanda kutafuta mtandao tu."

"Lakini anapanda."

Ningeweza kubishana naye mpaka jua litue. Kuchanja mahali palipovilia damu ni kazi wanayoijua tangu zamani, na kwa mchubuko wa kawaida haijaua mtu. Huu haukuwa mchubuko wa kawaida. Siku mbili baadaye chale tatu zilikuwa zinatoa usaha, na ndipo nilipomwambia bosi wangu kwamba pikapu ya kazi inaenda Lodwar, nami ndani yake, na akitaka kunifuta afute.

Hakunifuta. Manyang alikuja nasi. Ekuru alipanda garini mwenyewe, kwa mkono mmoja, akichukua muda wake wote, na sisi tukiwa tumesimama tunaangalia matairi kana kwamba yana jambo.

Lodwar kuna mtaalamu wa viungo anayeitwa Erupe, kijana wa Lokori, mrefu, mpole wa mikono na mkali wa mdomo. Hakuanza na mkono. Alimketisha Ekuru bila shati, akavuta kiti, akakaa mbele yake kimya kama mtu anayetazama mpira.

"Nani alikuchora ramani?"

"Bibi."

"Ni ramani ya kwenda wapi?"

Ekuru alicheka, mara ya kwanza wiki hiyo, na kucheka kukamuuma.

"Kutanisha viganja mbele ya kifua," Erupe akasema. "Kama unaomba. Sasa sukuma, kiganja kwa kiganja. Polepole."

Ekuru alisukuma. Upande wa kulia, msuli ulisimama mzima, na ule ukingo wa mbele wa kwapa, ambao mtu huushika kwa vidole, ukakaza. Upande wa kushoto ukingo haukuwepo. Msuli wenyewe ulijikusanya katikati ya kifua, bonge, na kati yake na mkono kukawa na bonde.

"Mama, unaona?"

Niliona. Nilikuwa nimeona siku zile zote kwamba shati lilimkaa vibaya upande huo, nikadhani ni uvimbe.

"Msuli wa kifua unashikwa kwenye mfupa wa mkono na kano," Erupe akasema. "Kano ni hii kamba. Imeng'oka mfupani, na msuli umeivuta kuelekea katikati. Mkono bado unaenda juu, bado unakunja, kwa sababu hizo ni kazi za misuli mingine. Ndiyo maana ukimwambia mtu ainue mkono, utadhani yuko sawa. Eksirei nayo inaonyesha mfupa, haionyeshi kamba."

"Itajishika yenyewe?"

"Hapana. Ngozi itapona, maumivu yataisha, na kamba itabaki ilipo. Ikikaa huko sana inafupika na kugandamana na nyama. Hapo hata ukiitafuta hairudi. Inafaa ishonwe ndani ya wiki chache."

Akampeleka altrasaundi kuhakikisha, akarudi akitikisa kichwa. Karibu na mfupa, palipofaa kuwa na kano, palikuwa na damu tu.

"Yuko daktari wa upasuaji wa mifupa," akasema. "Kipngeno. Anatoka Eldoret, yuko hapa wiki mbili kisha anarudi. Ni mtu mzuri. Lakini atakukatalia."

"Kwa nini akatae?"

"Wewe nenda umsikie."

Daktari Kipngeno alikuwa mtu mnene, mtulivu, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alimpima Ekuru mwenyewe upya, viganja kwa viganja, akabonyeza lile bonde, akaitazama picha. Alikubaliana na Erupe kwa kila neno. Kisha akavua glavu.

"Huyu sitampasua."

"Tuambie sababu," nikasema.

"Jeraha hili tunalishona kwa mtu ambaye anahitaji nguvu nyingi za kifua. Mchezaji, mtu wa mizigo. Mtu wa kawaida anaishi vizuri bila huo msuli. Anakula, anaandika, anavaa. Kwa kijana katika hali hii..."

"Hali gani?"

Alisita. Alikuwa na adabu, nampa hiyo. "Mama, hatembei."

Ekuru alikuwa ameketi kitandani, magongo pembeni yake. Nikamjua, alikuwa anangoja nimalize ili aanze yeye.

"Daktari," nikasema, "wewe leo umekuja hapa kwa nini?"

"Kwa nini, vipi?"

"Umetoka kitandani, umefika chooni, umefika hapa. Kwa miguu, sivyo? Huyu anatembea kwa kifua. Ulichosema ni kwamba mtu akikatika mguu na tayari ana kasoro mahali pengine, aachwe."

"Sikusema hivyo."

"Muulize yeye basi. Tangu tuingie umeongea na mimi tu, na aliyeumia ni yeye."

Kipngeno aligeuka. Nadhani ilimchukua muda kumwona kijana badala ya miguu. "Unafanya nini, Ekuru?"

"Nauza kadi za simu na kuchaji simu za watu kambini. Naenda na kurudi kwa baiskeli ya mkono, kila siku. Na jioni nainua chuma."

"Kiasi gani?"

Ekuru akamwambia. Daktari akamtazama Manyang, ambaye aliinua kidevu kuthibitisha. Kipngeno akavaa miwani yake tena.

"Sawa," akasema. "Nimekosea. Hakuna mchezaji nitakayemwona mwaka huu anayeuhitaji huu msuli kuliko wewe. Lakini hiyo ilikuwa sababu yangu ndogo. Kubwa ni hii. Nikishona, natoboa mfupa, napitisha uzi, naifunga kano pale. Uzi unashikilia tu mpaka kano iote mfupani. Wiki sita mkono ukae kwenye mkanda, usifanye chochote. Baada ya hapo mazoezi na Erupe, lakini mpaka miezi mitatu iishe usiuwekee uzito wa mwili. Usijiinue, usishike gongo, usiendeshe baiskeli. Niliwahi kumshona mtu kama wewe. Usiku mmoja alitaka kwenda haja, hakutaka kumwamsha mkewe. Akajisukuma. Alichana kila kitu, na mara ya pili hakukuwa na cha kushona. Alitoka kwangu akiwa vibaya kuliko alivyoingia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo miezi mitatu utabebwa. Kutoka kitandani, kuingia chooni, kuoga, kila kitu. Kama huwezi kubebwa, nakuomba usiniruhusu nikupasue."

Nje, mtu alikuwa anaburuta ndoo kwenye saruji.

"Sibebwi," Ekuru akasema.

"Ekuru," nikaanza.

"Mathe, nimesema sibebwi. Nitazoea mkono mmoja."

Mimi huwa sibembelezi watu. "Sawa," nikamwambia. "Basi hesabu mwenyewe. Utakaa na mkono mmoja. Huo mmoja utafanya kazi ya miguu miwili na mikono miwili. Bega lake litachoka, kama si mwaka huu ni mwaka ujao. Halafu utabebwa, na hapo haitakuwa miezi mitatu. Itakuwa mpaka utakapozikwa. Chagua unataka kubebwa kwa muda gani."

"Unanitisha?"

"Ndiyo."

Daktari akakohoa. Nadhani kwao mama hawaongei hivyo, au huongea hivyo nyumbani.

Manyang alikuwa amesimama karibu na dirisha muda wote huo, amekunja mikono. Ni mrefu mpaka taa inamsumbua.

"Ekuru," akasema, "kwetu Bor, mieleka ikiisha, nani anabebwa?"

"Sijui."

"Yule ameangusha mwenzake. Vijana wanamweka juu ya mabega, wanazunguka na yeye uwanja mzima, wasichana wanaimba jina la ng'ombe wake. Yule ameangushwa, hakuna mtu anamgusa. Anafuta mchanga, anaenda nyumbani na miguu yake mwenyewe." Akainua mabega. "Sisi hatuonei huruma mtu anabebwa. Tunaonea huruma mtu anatembea."

"Mimi nimeangusha nani?"

"Bado. Hiyo miezi mitatu ndiyo mieleka. Na mimi niko na vijana kumi gym, wote wanajua kubeba. Shida yao ni kwamba hakuna mtu wa kubeba, kwa sababu Lueth anaangusha kila mtu, na Lueth ni mzito."

Ekuru aliangalia magongo yake. Nilifungua mdomo, Manyang akanikata kwa jicho, nikaufunga. Si mara nyingi.

"Nina masharti," Ekuru akasema.

"Sema," daktari akamwambia.

"Mabegani. Si mgongoni kama mtoto, na si kwa blanketi kama maiti. Chooni aingie Manyang au Lueth, wengine wabaki nje. Na mathe asinibebe."

"Kwa nini nisikubebe?"

"Kwa sababu utanibeba ukinihubiria."

Kipngeno alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye uzi wake. Kisha akaonyesha chale. "Hizi sasa. Siwezi kupitisha kisu kwenye ngozi yenye usaha, nitapeleka uchafu mpaka mfupani. Mna wiki moja kuzikausha. Zisipokauka kabla sijarudi Eldoret, tutakuwa tumebishana bure."

Tukalala kwa ndugu yangu, Christine, hapo Lodwar. Dawa za kumeza, kuosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa asubuhi na jioni, kitambaa safi. Mama mkwe akafika kwa gari la mboga siku iliyofuata bila kualikwa. Nilimweleza alichofanya wembe wake. Sikupunguza chochote. Alisikiliza, akatema tumbaku.

"Nilidhani ni damu," akasema. "Kumbe ni kamba. Kamba haichanjwi." Kisha akahamishia kigoda chake kando ya kitanda cha Ekuru na kufukuza nzi kwa mkia wa ng'ombe tangu asubuhi mpaka giza. Jirani alipokuja na mafuta ya mbuni ya kupaka, alimwambia aende akapake mbuni.

Chale zikakauka. Alhamisi Kipngeno akampasua. Aukot aliuza mbuzi, na hilo halina hadithi. Kano ilikuwa imeanza kujikunja lakini ilivutika mpaka mfupani. Daktari alitoka akiwa amelowa jasho, akaniambia, "Imekaa. Sasa kazi ni yenu."

Na kazi ikawa. Asubuhi vijana wawili wa gym walivuka laga kuja kwetu, wakamketisha Ekuru mabegani mwa Lueth, mkono wake umefungwa kifuani kwa mkanda, wakaenda naye kambini kwenye kibanda chake cha simu. Mchana wakamleta kula. Jioni wakampeleka gym akakae kwenye kivuli awatukane wengine wanaoinua vibaya. Watoto walifuata nyuma wakiimba mambo ya kijinga. Lueth, ambaye hajui kutembea polepole, alimgonga kichwa kwenye kizingiti chetu mara mbili, na mara ya pili Ekuru akamwambia kwamba hata punda huwa anakumbuka mlango.

Watu walisema yao. Nje ya kanisa, mwanamke mmoja alisema kwa sauti, "Maskini, sasa hata mikono imeenda." Sokoni mzee mmoja akadhani Ekuru anaombaomba, akanyoosha mkono juu akampa sarafu. Ekuru aliipokea, akaitazama, akamshukuru, akampa Lueth aliye chini yake. "Mzee amekununulia maji, msee."

Hayo aliyaweza. Yaliyomshinda kidogo yalikuwa ya ndani ya nyumba, ambako hakuna wa kumchekesha.

Siku moja mvua ilinyesha juu milimani, na laga ikashuka na maji mengi ghafla, kahawia, yenye magogo. Vijana wakakwama ng'ambo, kambini. Mimi nilikuwa kwenye ujenzi upande huohuo wao, nikakwama pia. Nyumbani alibaki Ekuru kitandani na bibi yake, ambaye ana uzito wa kuku.

Maji yalipopungua nikavuka, matope mpaka magotini, nikaingia ndani. Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa chumba, macho ameyafumba. Ekuru alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Mkono wa kushoto kwenye mkanda, mkono wa kulia umeshika fremu ya kitanda kwa nguvu mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Gongo moja lilikuwa limeegemea ukuta, karibu kabisa na kitanda, na chini ya magoti yake sakafu ilikuwa imelowa. Suruali yake pia.

Nikaelewa. Chooni ni hatua chache kutoka pale.

"Bibi alitaka kuniinua," akasema. "Nikamwambia atoke. Angenidondosha, ningeshika kitu kwa mikono yote miwili."

"Na gongo?"

"Nililifikiria." Akaliangalia. "Lilikuwa hapo muda wote. Sikuligusa. Kamba iko sawa."

Nilichemsha maji, nikaleta beseni, nikamvua, nikamwosha. Alinitazama usoni muda wote, kana kwamba ananipima kama nitamwonea huruma. Sikumwonea. Nilikuwa natamani kuwaambia watu wote waliowahi kusema mwanangu ni mnyonge waje waone sakafu ile.

Nilipomaliza nikapiga deki. "Kesho," nikamwambia, "Lueth analala hapa. Mvua inyeshe isinyeshe."

"Anakoroma."

"Akorome."

Lueth akahamia kwetu. Alikoroma, na alikula kama watu watatu, na mama mkwe akampenda kuliko wajukuu wake wengine.

Mchujo wa Nairobi ukapita bila sisi. Siku hiyo Ekuru alizima simu akalala mchana kutwa. Keshoye akaiwasha na kuuliza mwaka ujao ni lini. Mkanda ukatolewa, Erupe akaanza kumnyoosha, kidogo, kidogo zaidi, kila tulipoenda Lodwar. Mkono ulikuwa umekonda, ukatisha. Erupe alimkataza kila kitu kwa kumtania, na Ekuru akatii kwa matusi.

Miezi mitatu ilipoisha, Kipngeno alikuwa zamu yake Lodwar tena. Akambonyeza kwapa, akamwambia akutanishe viganja, kisha asukume mkono wa daktari pande zote. Akarudia.

"Imeota," akasema. "Kuinua chuma, bado miezi mitatu mingine, na utaanza na bomba tupu. Sikuahidi kwamba utarudi ulipokuwa. Lakini mwili wako mwenyewe sasa unaweza kuubeba. Unataka kujaribu hapa, tukiwepo?"

Baiskeli ya mkono ilikuwa nje ya mlango. Tuliileta kwa pikapu, na nilipokuwa naishusha nilimpa Ekuru ufunguo wa gari auweke mfukoni. Erupe akaisogeza mpaka kando ya kitanda, akafunga breki. Kiti chake kiko juu kidogo kuliko kitanda. Si mbali. Ni unene wa godoro.

Ekuru akaweka kiganja cha kulia kwenye kiti, cha kushoto kitandani. Akainama mbele. Akajiinua.

Akafika katikati na kukwama. Mkono wa kushoto ulianza kutetemeka kutoka begani mpaka kwenye kidole gumba, na makalio yake yakabaki hewani, si kitandani, si kitini. Jasho lilimdondoka puani. Manyang alipiga hatua. Lueth, aliyekuwa mlangoni, akanyoosha mikono kwa mazoea.

"Mwacheni," nikasema.

Mikono yangu niliiweka nyuma, nikaishika yenyewe. Daktari naye hakusogea. Ekuru alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine. Chini ya shati, upande wa kushoto, niliona kitu kikisimama na kukaza. Akasukuma. Akafika, si vizuri, akatua upande, akajirekebisha kwa kiwiko, akaketi wima.

Hakuna aliyepiga makofi. Nafikiri kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza.

Akafungua breki mwenyewe, akashika mipini yote miwili, akaizungusha nusu ili kuisikia. Uso wake ukakunjamana kidogo kwa maumivu, akazungusha tena.

"Lueth," akasema, "leo utarudi nyumbani kwa miguu yako."

Kisha akatoka nje kwenye jua la Lodwar, polepole, akipinda kidogo kushoto kila mzunguko, na sisi sote tukamfuata nyuma, kwa sababu ufunguo wa pikapu alikuwa nao yeye na hakuonekana kuwa na nia ya kusimama.